Miradi ya wanafunzi ya nyumba nafuu: mbona inaishia kwenye ukuta wa maonyesho? (Uzi mrefu)

Pimamaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu, atakayechoka aruke.

Juzi nilikaa kwenye jopo la kukagua miradi ya wanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa mwisho. Mada waliyopewa: nyumba bora, ya bei nafuu, isiyoumiza mazingira. Miradi kumi na mmoja. Picha za kompyuta zilikuwa za kumdondosha mtu udenda: jua la jioni, mtoto anakimbiza puto, mti umeota katikati ya sebule. Nikawauliza wote swali moja: atakayekaa humu atalipa kiasi gani kwa mwezi, na kwa miaka mingapi? Wawili ndio waliokuwa na jibu. Mmoja aliniambia gharama "itategemea mkandarasi".

Sisemi haya kuwacheka, maana na mimi nimepita hapohapo. Nikiwa mwanafunzi, kundi letu lilibahatika kujengewa nyumba moja ya mfano kutokana na ramani yetu. Paa tulilipa umbo la kipepeo, mabawa mawili yanainamia ndani na gata katikati. Dirisha kubwa tukaliweka magharibi, "kuleta mwanga wa machweo". Hayo maneno yako kwenye ripoti yangu, nimeyaandika mwenyewe. Nilirudi pale baada ya miaka sita. Kwenye lile dirisha limesimamishwa kabati la nguo, limeliziba lote. Gata lilikuwa linajaa majani na maji yanarudi ndani, kwa hiyo mwenye nyumba alishapaua upya juu ya paa letu, bati la mteremko mmoja, likifunika ubunifu wote. Alinipokea vizuri sana. Akaniuliza, "Hivi hili paa mlikuwa mnakusudia nini?" Sikuwa na la kujibu.

Ndiyo maana nikiona mradi wa mwanafunzi siku hizi naanza na pesa ya mkaaji, halafu ndiyo nageukia mchoro. Na wapo wanafunzi waliofanya hivyo kweli. Kule Alabama, Marekani, kuna programu ya Auburn University inaitwa Rural Studio, ilianzishwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth. Wanafunzi wanahamia kijijini, wanachora na kujenga kwa mikono yao. Miaka ya mwanzo walifanya maajabu. Kuna nyumba ina kuta za marobota ya nyasi kavu. Nyingine kuta zake ni vipande 72,000 vya zulia, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kukandamizwa. Nzuri, lakini kila moja ni ya peke yake, jirani hawezi kuiiga.

Mwaka 2005 wakaligeuza swali. Wakajiuliza: mtu anayeishi kwa pensheni ya serikali tu anaweza kulipa mkopo wa kiasi gani? Jibu likaja kwenye dola 20,000 hivi. Basi hiyo ndiyo ikawa ramani ya kwanza, namba. Takriban dola 12,000 ziwe vifaa, zinazobaki ziwe za ufundi na faida ya mkandarasi, maana nyumba inayojengwa bure na wanafunzi haijathibitisha chochote kuhusu bei. Na kundi linalofuata linarithi kazi ya waliotangulia, linapunguza hapa, linasahihisha pale. Hiyo ya kurithi ndiyo inayonigusa zaidi. Kwenye jopo letu kila mwanafunzi alianza sifuri, kama vile hakuna aliyewahi kujenga nyumba duniani.

Karibuni tuchangie. Wanafunzi mlioko humu msiogope.

MwakaWaNne

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko mwaka wa nne na mradi wangu ni huohuo, nyumba ya familia ya watu watano. Nimechagua makontena ya meli, kwa sababu ni kurejeleza chuma kilichopo na yanajengeka haraka. Naomba maoni kabla sijasonga mbele.

Kozi_ya_Kwanza

Dogo, mimi ni fundi mwashi, nina miaka mingi saiti. Kontena nimeshalikata mara tatu kwa wateja walioona picha mtandaoni. Chukua futi kamba. Upana wa ndani ni mita 2.35. Ukiliacha tupu, mchana ni oveni na usiku ni jokofu, kwa hiyo lazima utie kizuia joto na ubao wa ndani pande zote mbili. Unabaki na mita 2.2, pengine pungufu. Weka kitanda cha watu wawili kwa upana wake, halafu niambie mtu anapita wapi.

Halafu ile bati ya ubavuni iliyokunjwakunjwa inasaidia kubeba. Ukiikata kuweka dirisha kubwa, fremu inaanza kulegea. Unarudi kununua chuma cha kuimarisha na kumlipa mchomeleaji. Mteja wangu wa mwisho aliishia kulipa pesa ambayo ingemjengea chumba cha matofali pamoja na kibaraza.

Kontena ni zuri kwa stoo ya saiti. Hapo sina ugomvi nalo.

MwakaWaNne

Duh. Kweli nilichora kitanda kwa urefu wa kontena, sikufikiria mtu wa upande wa ukutani atatokaje usiku.

Mkadiria

Mimi mkadiria majenzi, nitaongea hesabu.

Kosa ninaloliona kila mwaka: mwanafunzi anagundua ukuta wa bei rahisi, anatangaza amepunguza gharama ya nyumba kwa asilimia 30. Hapana, umepunguza gharama ya ukuta. Kama kuta ni sehemu moja kwa tano ya gharama yote, asilimia 30 ya hiyo ni asilimia 6 ya nyumba. Zingine ziko kwenye kiwanja, msingi, paa, milango na madirisha, mabomba, nyaya, choo. Hata hizi nyumba za kuchapwa kwa mashine (printa za 3D) zinazosifiwa sana, kinachochapwa ni ukuta. Paa halichapwi, wala shimo la choo.

Pesa ya haraka iko kwenye umbo. Chukua nyumba ya mita za mraba 36. Ukiichora 6 kwa 6, mzunguko wa nje ni mita 24. Ukiichora 3 kwa 12, mzunguko ni mita 30. Eneo lilelile, lakini umeongeza mita 6 za msingi, mita 6 za mkanda wa zege juu ya ukuta, na kwa ukuta wa mita 2.7 ni mita za mraba 16 na ushee. Kwa tofali la kawaida la saruji ni kama 160 hivi, bado udongo wa plasta, rangi, na siku za fundi. Hapo hujaanza kona za mapambo. Kila kona ukuta unapokata, fundi anasimama, anashika timazi, anaanza upya.

Jiko na choo viegemee ukuta mmoja. Naona michoro choo kiko kaskazini na jiko kusini, mabomba yanasafiri nyumba nzima kama watalii.

Halafu jambo ambalo wanafunzi hawafundishwi kabisa, riba. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kila 100 unayokopa unarudisha 264. Yaani nyumba moja unaijenga, na nyingine moja na nusu na zaidi unaijengea benki. Ukipunguza matofali 160 ni vizuri, lakini ukimwezesha mtu asikope nusu ya nyumba, umemfanyia kitu ambacho ukuta wa aina yoyote hauwezi.

Pimamaji

Mkadiria umegonga penyewe. Hiyo ya kutokopa nusu ya nyumba ndiyo iliyofanywa Iquique, Chile, na msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental, mradi wa Quinta Monroy, 2003 hadi 2004. Haukuwa mradi wa wanafunzi, lakini kila mwanafunzi aujue. Familia karibu 100 zilikuwa zimekaa miaka 30 kwenye nusu hekta katikati ya mji. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na humo humo kiwanja kinunuliwe. Pesa hiyo ingetosha kibanda, au ingewahamisha watu mbali kwenye ardhi ya bure.

Wao wakajenga nusu ya nyumba nzuri. Wakachagua ile nusu ambayo mtu wa kawaida ingemshinda kujijengea vizuri: msingi, ngazi, jiko, bafu, ukuta wa kutenganisha majirani moto usipite. Nusu nyingine wakaacha pengo la kujazwa na familia yenyewe kadiri wanavyopata. Nyumba inaanza na mita za mraba 36 na inaweza kufika 70 na kitu. Na watu walijaza kweli, kila mmoja kwa namna yake. Aravena alipata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, mwaka 2016, na mwaka huohuo ofisi yao ikaweka michoro ya miradi minne ya aina hiyo wazi mtandaoni, anayetaka achukue.

MwakaWaNne, kazi ya nyumbani: kwenye ramani yako, ipi ni nusu ambayo mkaaji hawezi kujijengea?

Mama_Kenchi

Samahani naingilia. Mimi si mtaalamu, nakaa kwenye nyumba ya mradi wa namna hii, ni mwaka wa nne sasa. Mnaongea gharama ya kujenga tu, hakuna anayeongea gharama ya kukaa.

Nyumba yetu ina bati tupu. Saa nane mchana huwezi kukaa chumbani, na mvua ikinyesha hamsikilizani mezani. Walituambia siling bodi "mtaweka wenyewe baadaye". Kwa hiyo nimenunua feni mbili, na umeme wake nalipa kila mwezi. Hiyo nafuu iko wapi? Na jiko halina hata tundu la juu la kutolea moshi, ukuta umeshakuwa mweusi.

Mara wanafunzi wakaja na fomu ya maswali, wakapiga picha, wakaondoka. Hawakurudi kutuambia walichokipata.

Kozi_ya_Kwanza

Pole mama. Bati kugusa chumba moja kwa moja ni kosa la mchoraji, halina utetezi.

Pimamaji

Dada Mama_Kenchi, uliyoyaandika yana uzito kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Na dawa moja ya bati ilitumiwa na mwanafunzi.

Diébédo Francis Kéré alikuwa anasoma usanifu Berlin. Mwaka 1998 alianzisha chama cha kuchangisha pesa za kujenga shule kijijini kwao Gando, Burkina Faso. Shule ilikamilika mwaka 2001, na yeye akamaliza chuo mwaka 2004. Yaani jengo lilitangulia cheti! Mwaka huohuo wa 2004 shule ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapata Pritzker. Sasa angalieni paa lake. Dari ni ya matofali ya udongo yenye upenyo kati yake. Juu ya dari, bati limeinuliwa kwa kenchi zilizochomelewa kwa nondo za kawaida za ujenzi, hizihizi za kwenye zege. Hewa ya moto inatoka darasani kupitia dari, na upepo unapita kati ya dari na bati ukiisomba. Bati linaungua peke yake huko juu. Hakuna feni.

Watu wa kijijini hawakuuamini udongo mwanzoni, waliujua kama kitu cha kubomoka kila masika. Ilibidi waone kwanza.

Anna Heringer naye shule ya Rudrapur, Bangladesh, ilianza kama mradi wake wa kuhitimu mwaka 2004: udongo wenye majani makavu chini, mianzi juu. Ikajengwa, ikapata Aga Khan mwaka 2007. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekwenda kijiji hicho akiwa na miaka 19 tu, kujitolea. Alikijua kabla ya kukichorea. Hawa wanaofika na fomu ya maswali saa nne na kuondoka saa sita wanajua nini?

Najua zote mbili ni shule. Ila paa la Gando linafaa chumba cha kulala vilevile, ukilipunguza.

Sola_Kwanza

Mbona hakuna aliyetaja paneli za jua? Nyumba endelevu bila sola ni ipi? Kuna Solar Decathlon, mashindano ya vyuo kujenga nyumba za nishati ya jua, yalianza 2002 pale Washington.

Mkadiria

Decathlon hiyohiyo ndiyo ushahidi wangu. Miaka ya mwanzo timu zilishindana kwa mitambo, nyumba ndogo zenye gharama ya jumba. Ikabidi mwaka 2011 waongeze shindano la unafuu: nyumba ikikadiriwa dola 250,000 au chini ndiyo inapata alama zote za kipengele hicho. Hiyo ndiyo ilikuwa tafsiri yao ya nafuu, weka pembeni ya ile 20,000 ya Alabama.

Mwaka huohuo wanafunzi wa vyuo vya Parsons na Stevens walileta nyumba yao, Empowerhouse. Walianza na ukuta mnene wenye kizuia joto na kuziba kila ufa, nyumba ikahitaji nishati kidogo, ndipo wakahesabu paneli. Zikatosha chache. Baada ya mashindano nyumba ikaenda mtaa wa Deanwood, humohumo Washington, kupitia Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu nyumba nafuu, na watu wakahamia. Paneli mwisho mkuu, siyo kwanza.

Sola_Kwanza

Sawa, nimekubali nusu. Jina langu silibadilishi lakini.

MwakaWaNne

Wakuu nimetupa makontena. Nimehamia matofali ya udongo ya kushindilia, yenye saruji kidogo. Sababu yangu ni saruji. Nimesoma kuwa uzalishaji wake unachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa haitoki kwenye kuni wala makaa, inatoka kwenye jiwe lenyewe la chokaa linapochomwa. Kwa hiyo hata tanuru likiwashwa kwa jua, jiwe bado linatoa. Matofali ya kuchoma nayo yanakula kuni. Ya kushindilia hayachomwi kabisa. Niko sahihi?

Kozi_ya_Kwanza

Uko sahihi, ila udongo haufanani. Usinichoree "tofali la udongo" kama vile linatoka kiwandani. Fanya hivi leo. Chimba chini ya tabaka lenye mizizi, ule mweusi wa juu usiuguse. Chukua chupa ya kioo yenye ubavu ulionyooka, weka udongo theluthi moja, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke. Weka mezani na usiiguse. Mchanga unatua muda huohuo, wewe ukiangalia. Vumbi laini linafuata. Mfinyanzi ndio wa mwisho, unaweza kuusubiri mpaka kesho. Pima kila tabaka kwa rula.

Mkadiria

Mchanganyiko unaotajwa sana kwa tofali la saruji kidogo ni changarawe 15, mchanga 50, vumbi laini 15, mfinyanzi 20, kwa asilimia. Saruji 5 kwa uzito, ukienda zaidi ya 8 unafuu unaanza kupotea. Mfinyanzi ukizidi, tofali linapasuka likikauka, ongeza mchanga.

Kozi_ya_Kwanza

Na maji! Tofali lenye saruji lifunikwe na limwagiliwe, siku 28. Hapa ndipo miradi ya wanafunzi inakufa. Wanafyatua wiki mbili, likizo inaisha, wanaondoka. Matofali yanabaki juani, yanakauka kabla saruji haijashika. Mwakani yanameguka, halafu ripoti inasema "teknolojia haikukubalika na jamii". Jamii imekosa nini hapo?

Mama_Kenchi

😂 Hiyo sentensi ya jamii nimeisoma kwenye ripoti yetu.

MwakaWaNne (siku tatu baadaye)

Narudi na matokeo. Chupa imetulia. Kwa rula: mchanga na changarawe milimita 31, vumbi laini 9, mfinyanzi 20. Jumla 60. Yaani mfinyanzi ni theluthi nzima. Nilifyatua matofali sita ya majaribio, manne yamepasuka katikati, ufa unaingia ukucha. Nimepata mchanga wa kuongeza, nafyatua tena kesho.

Ramani nimeifuta nikaanza na malipo ya mwezi kama mwalimu alivyosema. Fungu la pesa linatosha mita za mraba 34 tu, nilikuwa nimechora 61. Nilikasirika siku nzima. Sasa ni karibu mraba, jiko na bafu ukuta mmoja, chumba kimoja kamili, na msingi tayari umemwagwa kwa vyumba viwili vya baadaye. Dari ipo tangu siku ya kwanza, dada Mama_Kenchi, na hewa inapita juu yake.

Pimamaji

Msingi wa baadaye umeuhesabu kwenye fungu?

MwakaWaNne

Ndiyo. Ndiyo maana kibaraza kimeondoka.

Mama_Kenchi

Kibaraza kirudishe. Nyumba ya vyumba vichache watu wanaishi nje. Ondoa kitu kingine.

MwakaWaNne

Nitaondoa milango ya ndani, niweke fremu tu. Mlango wa bafu unabaki.

Mama_Kenchi

Hapo sawa. Pazia tutashona.

Kozi_ya_Kwanza

Dogo, upenu umetoka sentimita ngapi? Na kutoka ardhini mpaka tofali la kwanza la udongo kuna jiwe kiasi gani?

MwakaWaNne

Jiwe sentimita 30. Upenu 40.

Kozi_ya_Kwanza

Jiwe liache. Upenu toa 70 upande unaopigwa na mvua. Tone likidondoka linaruka na kulamba ukuta chini, hapo ndipo udongo unapoliwa. Ila ukitoa upenu mrefu upepo unaukamata kwa chini. Kenchi umezifunga na nini?

MwakaWaNne

Na misumari…

Kozi_ya_Kwanza

Misumari kwenye nini? Tofali la udongo halishiki msumari. Unatoa nondo nyembamba kutoka kwenye mkanda wa zege, unaikunjia juu ya kenchi. Umeihesabu?

MwakaWaNne

Sijaihesabu. Ngoja nirudi kwenye mchanganuo.